Hivi jeneriki inaweza kusajiliwa bila mtu hata mmoja kuimeza?

#1 Nyegezi_Boy
Wakuu, salaam. Nauza dawa kwenye famasia moja hapa Mwanza. Juzi kaja mteja na cheti cha dawa ya sukari, metformini 500. Nikamwekea mbili juu ya kaunta: ya nje yenye bei ya kukunja uso, na jeneriki, yaani nakala ya kiwanda kingine, ambayo haifiki nusu ya bei hiyo. Akashika ile rahisi, akauliza, "Hii waliwapa watu wakaimeza, wakawapima damu?" Kabla sijafungua mdomo, mfamasia wetu akadakia: "Si lazima. Metformini inaweza kusajiliwa kwa kuzungushwa kwenye majagi ya maabara tu."

Mteja akachukua ya bei kubwa.

Sasa mimi sijaridhika. Kama dawa inaenda kwenye damu, inapimwaje kwenye jagi? Naona ni njia ya viwanda kukwepa gharama, na wasimamizi wanafumba macho. Wenye ujuzi mtiririke.

#2 Mchungu_wa_Kwinini
Huyo mfamasia wenu ana kipaji cha kufukuza biashara. Mimi niko siti ya mbele na kashata zangu.

#3 MtotoWaMaabara
Nyegezi_Boy, mfamasia yuko sahihi, ila stori kaikatia kati.

Kidonge ukishakimeza, dawa iliyomo ina kazi mbili kabla haijafika kwenye damu. Kwanza iyeyuke kwenye majimaji ya tumbo. Pili ipenye ukuta wa utumbo mwembamba. Mwaka 1995 Gordon Amidon wa Chuo Kikuu cha Michigan, akiwa na Hans Lennernäs, Vinod Shah na John Crison, walichapisha mpango wa kuzigawa dawa kwa maswali hayo mawili tu: inayeyuka vizuri? Inapenya vizuri? Ndiyo huo mfumo unaoitwa BCS. Yanatoka makundi manne.

Chukulia dawa ni abiria na ukuta wa utumbo ni daladala. Kundi la I: abiria anafika kituoni mapema na daladala ziko tele. Mfano propranololi na metoprololi. Kundi la II: daladala ziko tele ila abiria hatoki nyumbani, yaani dawa haitaki kuyeyuka. Rifampisini, efavirenzi, ibuprofeni. Kundi la III: abiria wamejaa kituoni, daladala ni za kugombania. Metformini iko hapa, na atenololi pia. Kundi la IV: abiria hatoki na daladala hakuna. Furosemidi, dawa ya kukojoza, ndiyo mfano unaotajwa kila mara.

Hoja yao ni hii. Kama dawa yenyewe haina ugomvi na maji wala na utumbo, basi kitu pekee ambacho kiwanda kinaweza kukiharibu ni kidonge: kiwe kigumu mno, kigome kupasuka, kishikilie dawa. Na hilo jagi la maabara linaliona bila kumchoma mtu sindano. Vidonge viwili vikiachia dawa yote ndani ya dakika chache, utumbo unapokea maji yenye dawa. Hauwezi kujua yametoka kwa nani.

FDA, wasimamizi wa dawa wa Marekani, walianza kuruhusu msamaha huo wa kutopima kwa watu kwa kundi la I mwaka 2000. WHO mwaka 2006 wakaongeza kundi la III kwa masharti. "Kuyeyuka vizuri" maana yake dozi kubwa kabisa ya mara moja iyeyuke yote ndani ya mililita 250 za maji, kuanzia pH (kipimo cha uchachu) 1 hadi 7.5, kwenye nyuzi 37.

#4 Mama Tausi
Mililita 250 za nani? Mume wangu anameza panadol na chai ya maziwa, mimi nameza na mate.

#5 Kaka_Hyderabad
Nasoma famasi huku India, niongeze kidogo kwa #3.

Hiyo pH ya 1 hadi 7.5 ni ya mwongozo wa zamani wa FDA, wa 2000. Siku hizi ni 1.2 hadi 6.8. Ndivyo ulivyo mwongozo wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha masharti ya dawa, unaoitwa M9, uliopitishwa Novemba 2019, na ndio unaofuatwa na wengi. Upenyaji nao ulikuwa unadai asilimia 90 ya dozi ifyonzwe, ukashushwa hadi 85.

Mama Tausi, 250 ni ile glasi ya maji anayopewa mtu wa kujitolea kwenye majaribio, asubuhi, tumbo tupu. Ndiyo maana ikawekwa kama kipimo. Hesabu yake ni nyepesi: parasetamoli gramu 1 ndani ya mililita 250 ni miligramu 4 kwa kila mililita. Parasetamoli inayeyuka zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo inapita bila jasho. Ona sasa mtego ulipo: kundi la dawa linategemea dozi pia. Asaiklovia ya 200 na 400 inakaa kundi la III, lakini ukiihesabu kwa dozi ya 800 inaweza kuangukia la IV. Dawa ni ile ile.

#6 Mchungu_wa_Kwinini
#3 na kondakta yuko wapi kwenye hiyo daladala yako?

#7 Kaka_Hyderabad
Unatania lakini yupo kweli. Kwenye ukuta wa utumbo kuna protini zinazobeba dawa kuiingiza ndani, na kuna nyingine, inaitwa P-gp, kazi yake kuitoa nje dawa iliyokwisha kuingia. Metformini haipenyi yenyewe kwenye mafuta ya ukuta, inategemea hao wabebaji. Ndiyo maana nusu tu ya dozi, au zaidi kidogo, hufika kwenye damu. Iliyobaki inatoka ilivyo.

#8 Mzee_wa_Orijino
Mnazunguka sana. Hata zile zinazopimwa kwa watu sheria inaruhusu 80 hadi 125. Jeneriki moja ikiwa na 80 na nyingine 125, tofauti ni 45! Leo unapewa hii, mwezi ujao ile, mwili unayumbishwa. Mimi nanunua ya Ulaya, basi.

#9 MtotoWaMaabara
Mzee, hiyo 80 hadi 125 inasomwa vibaya kila siku, hata na madaktari. Si kwamba wastani wa dawa unaruhusiwa kuelea popote humo. Wanachukua uwiano wa jeneriki kwa orijino, wanaweka na wigo wa shaka wa asilimia 90 juu yake, na wigo WOTE, kuanzia ncha ya chini hadi ya juu, lazima ukae ndani ya 80 na 125. Na lazima upite kwa vipimo viwili: kilele cha dawa kwenye damu, na jumla ya dawa iliyoingia. Dawa yenye wastani wa 82 wigo wake karibu lazima uchungulie chini ya 80, inaanguka. FDA walipitia majaribio 2,070 yaliyofanywa kati ya 1996 na 2007. Wastani wa tofauti kati ya jeneriki na orijino ulikuwa asilimia 3.56 kwa jumla ya dawa iliyofyonzwa na 4.35 kwa kilele.

#10 Mzee_wa_Orijino
Hizo ni jeneriki zilizoombewa usajili Marekani. Mimi nazungumzia zilizoko hapa mtaani.

#11 Mgosi_wa_Soni
Samahani kwa kuingilia, mimi si mtu wa dawa. Baba ana sukari, miaka mingi anatumia metformini ya aina moja. Mwaka huu kliniki wakambadilishia, boksi jingine kabisa. Tangu hapo sukari ya asubuhi haishuki chini ya 11, zamani ilikuwa inacheza kwenye 7. Na kibaya zaidi anasema chooni ameona kidonge kizima, hakijayeyuka. Sasa nikisoma kwamba hii dawa inapitishwa kwa majagi, nawaza mengi.

#12 Mzee_wa_Orijino
Ushahidi huo hapo. Nyegezi_Boy umepata jibu lako.

#13 DrKimya
Tusikimbilie hukumu. Mgosi, angalia boksi: kuna herufi SR, XR au ER baada ya jina? Metformini ya kuachia taratibu hutengenezwa kwa utomvu maalumu unaovimba ukikutana na maji. Dawa inatoka polepole, ganda linabaki na umbo la kidonge, na mwisho linatoka na choo likiwa laini kama jeli. Dawa yenyewe imeshaingia mwilini. Wagonjwa wengi wanashtuka wakiliona, na vipeperushi vya dawa hizo huwa vinalitaja.

#14 Kaka_Hyderabad
Na kama ni hiyo ya kuachia taratibu, basi haihusiani kabisa na mada ya majagi. Msamaha wa BCS ni kwa dawa za kumeza zinazoachia mara moja. Za kuachia taratibu lazima zipimwe kwa watu, tena zingine huku mtu ameshiba na huku ana njaa.

#15 Mgosi_wa_Soni
Nimempigia simu mdogo wangu aliye nyumbani, amesoma boksi. Hakuna SR wala nini. Imeandikwa metformini 500 tu. Na Baba anasema kidonge alichokiona kilikuwa kigumu, si jeli. Ingawa kusema kweli sijui alikishika vipi.

#16 Mchungu_wa_Kwinini
Wakuu naomba tusiingie huko, tunakula.

#17 Sauti_ya_Likoni
Salaam kutoka Mombasa. Mie naona wote mwaisahau hali ya hewa yetu. Wagonjwa hapa hununua vidonge kwa mkupuo, muuzaji avitoa kwenye paketi avitia ndani ya bahasha ya kaki, vyakaa juu ya friji au dirishani miezi. Unyevu wa pwani ukiingia, kidonge kingine chavimba na kulegea, kingine chakauka kikawa jiwe. Kilipopimwa kiwandani kilikuwa kizima. Bodi yetu ya dawa, PPB, itampima nani, bahasha ya kaki?

#18 Fundi_Kompresa
Mimi nimefanya kazi mashine ya kugandamiza vidonge, kiwanda sikitaji. Nikuambieni jambo moja ambalo wasomi hamlisemi. Magnesi stiareti. Ni unga mweupe laini, unateleza kama poda ya mtoto, unawekwa kidogo sana mwishoni ili unga usigande kwenye mashine. Ukiuchanganya dakika chache inatosha. Sasa opereta akienda kunywa chai akaacha mchanganyiko unazunguka, ule unga unafunika kila punje na unakataa maji. Vidonge vinatoka vizuri, vinang'aa, uzito sahihi, kiwango cha dawa asilimia 100. Ukikitia kwenye maji kinakutazama tu.

Kwa hiyo siwezi kumwambia Mgosi kwamba baba yake anaota. Kosa kama hilo lipo. Ila jagi la maabara ndilo linaloligundua, tena haraka kuliko mtu. Anayechukia majagi anachukia askari wake mwenyewe.

#19 MtotoWaMaabara
Fundi umenifurahisha. Kwa faida ya wasioyaona hayo majagi: ni vyombo vya kioo vyenye kitako cha duara, sita au nane kwa mstari, vimezama kwenye maji ya nyuzi 37. Kila kimoja kinatiwa mililita 900 za maji yaliyorekebishwa pH, kinawekwa kidonge kimoja, na pedali inazunguka mara 50 kwa dakika. Tunachota sampuli kwa sindano ndefu dakika ya 5, 10, 15, 20, 30, tunachuja, tunapima. Vidonge 12 vya jeneriki, 12 vya orijino, kwenye pH 1.2, 4.5 na 6.8.

Na inachosha. Usipoyatoa maji hewa kwanza, vipovu vinang'ang'ania kidonge na kukiinua juu. Vidonge vingine vikipasuka, unga unarundikana chini ya pedali, unasimama kichuguu pale katikati na hauchanganyiki tena. Matokeo yanaonekana mabaya kumbe dawa haina kosa, chombo ndicho chenye kosa. ICH wanasema ukikutana na hali hiyo kwa dawa zote mbili, hamia kwenye kikapu kinachozunguka mara 100.

#20 Nyegezi_Boy
Na umeme ukikatika dakika ya 10?

#21 MtotoWaMaabara
Unamwaga, unaanza upya, na unanunua vidonge vingine vya orijino kwa dola.

#22 Nyegezi_Boy
Haya, naanza kuelewa. Lakini metformini #3 umeiweka kundi la III, kundi la kugombania daladala. Kama kupenya ni shida, kwa nini iruhusiwe bila watu?

#23 Kaka_Hyderabad
Swali zuri, na hapo wataalamu wenyewe walibishana miaka mingi. FDA walikaa bila kundi la III tangu 2000. WHO waliingia 2006, Ulaya 2010, Marekani wakafuata baadaye.

Wanaoruhusu wanasema hivi: kama kizuizi ni utumbo, basi kidonge hakina la kuongeza wala kupunguza, mradi dawa yote iwe imeshayeyuka mapema. Kwa hiyo masharti yanakazwa. Kundi la I inatosha asilimia 85 iyeyuke ndani ya dakika 30. Kundi la III lazima dakika 15. Na vijazio, yaani vile vitu vinavyoungwa na dawa ili kidonge kishikane, lazima viwe vile vile vya orijino na kwa viwango vinavyokaribiana sana.

Kwa nini vijazio? Kuna vitu vinaufanya utumbo ukimbize maji, dawa ikapita kabla haijaingia. Mfano ulio wazi ni sobitoli, ile sukari ya kwenye shurubati. Watu walipewa lamivudini ya maji pamoja na gramu 10.2 za sobitoli, kilele cha dawa kwenye damu kikashuka kwa takriban nusu. Lamivudini ni kundi la III. Mgosi, ndiyo maana si ujinga kuwaza kuhusu boksi jipya la Baba.

#24 MtotoWaMaabara
Mkuu hiyo ni shurubati, gramu 10. Kidonge kizima cha metformini 500 hakifiki hata gramu moja. Hata kingejazwa sobitoli tupu hakiwezi kufika huko. Usimtie Mgosi hofu.

#25 Kaka_Hyderabad
Sijasema ndicho kilichotokea. Nasema ndicho chanzo cha sharti.

#26 DrKimya
Mgosi, niulize kidaktari. Kisukari cha ukubwani hakikai pale pale. Kongosho linachoka mwaka hadi mwaka, na dozi iliyotosha zamani inafika siku haitoshi. Boksi kubadilika na ugonjwa kupanda daraja vinaweza kukutana mwezi mmoja bila kuhusiana. Na kuna jambo jingine: mzee ana shida ya magoti au mgongo? Wazee wengi wanachomwa sindano au kuuziwa predinisoloni na deksamethasoni za maumivu. Hizo zinapandisha sukari kwa kasi.

#27 Mgosi_wa_Soni
Daktari, goti analo, na sindano alichomwa. Ila hiyo ilikuwa kabla ya kubadilishiwa boksi, kama sikosei karibu na Idi. Mdogo wangu anasema ilikuwa baada. Tumeanza kugombana kwenye simu.

#28 DrKimya
Malizeni ugomvi. Apime HbA1c, inaonyesha wastani wa miezi kama mitatu nyuma, si ya asubuhi moja. Na figo zipimwe pia, maana metformini inatoka kwa figo.

#29 Mzee_wa_Orijino
Na dawa bandia je? Mbona hakuna anayetaja?

#30 Mchungu_wa_Kwinini
Nani ataghushi metformini, Mzee? Faida iko wapi?

#31 Mzee_wa_Orijino
Maji ya chupa yanaghushiwa, utaniambia nini.

#32 Bibi_wa_Famasi
Nimestaafu ila mada hii siwezi kuipita. Wanangu, shida ya vidonge kutolingana si ya leo, wala haikuanzia kwenye nchi maskini.

Mwaka 1968 huko Australia wagonjwa wa kifafa walianza kulewa dawa: macho yanacheza, wanayumba. Walikuwa wanameza fenitoini ile ile, dozi ile ile. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha kijazio tu, kikatoa kalsiamu salfeti kikaweka laktosi. Dawa ikaingia kwenye damu zaidi ya zamani.

1971 Marekani, Lindenbaum na wenzake walilinganisha digoksini za viwanda tofauti, dawa ya moyo. Kiwango kwenye damu kikapishana hadi mara saba. Na digoksini dozi yake ni robo ya miligramu! Kwa hesabu ya glasi tu ingepita kama dawa inayoyeyuka vizuri. Kasi ya kuyeyuka ndiyo iliyowaangusha, punje kubwa na punje ndogo. Ndiyo maana leo dawa ambazo kipimo cha kuponya kiko jirani na kipimo cha kudhuru haziruhusiwi kupita kwa majagi, hata zikae kundi gani. Mgonjwa wa kifafa au wa moyo msimbadilishie boksi ovyo bila kumfuatilia. Metformini si ya namna hiyo.

#33 Nyegezi_Boy
Shikamoo Bibi. Hiyo ya fenitoini nilikuwa siijui kabisa.

#34 Bibi_wa_Famasi
Marahaba. Na karbamazepini iwe kwenye orodha yako hapo kaunta.

#35 Fundi_Kompresa
Turudi kwenye pesa, maana #1 amesema ni kukwepa gharama. Ni kweli, na mimi sioni aibu. Jaribio la watu linahitaji wazima wa afya, mara nyingi 24 au zaidi, walale wodini, watolewe damu kila baada ya muda mchache, warudie tena kwa dawa ya pili. Viwanda vyetu vingi vinapeleka kazi hiyo India kwa Kaka hapo juu. Kiwanda cha Afrika Mashariki kikitaka kutengeneza parasetamoli, utakilazimisha kifanye yote hayo kwa dawa ambayo dunia nzima inajua inavyoingia mwilini? Miongozo ya usajili tuliyooanisha Afrika Mashariki inaukubali msamaha huu, na TMDA, wasimamizi wa dawa wa Tanzania, wanautumia.

Mbali na pesa, unamtoboa mtu mzima asiyeumwa kwa sababu gani, kama majibu unayo?

#36 MtotoWaMaabara
Ila Fundi, kwa kundi la III msamaha huo ni mzuri kwenye karatasi tu. Sharti ni vijazio vifanane na vya orijino, na orijino hawaandiki viwango vyao. Majina utayakuta kwenye kipeperushi, gramu utazijua vipi? Lazima ununue orijino, ukichambue kidonge kipande kwa kipande, ubahatishe. Viwanda vingine vinakata tamaa vinarudi kwenye jaribio la watu.

#37 Sauti_ya_Likoni
Kwa hivyo anayefaidi ni mwenye maabara kubwa. Yale yale.

#38 Mama Tausi
Mimi bado niko kwenye chai. Kwani chakula hakina kazi hapa? Mwanangu alipewa dawa mseto ya malaria, nesi akasisitiza ale kitu cha mafuta kwanza.

#39 Kaka_Hyderabad
Nesi wako apewe maua. Lumefantrini iliyomo kwenye mseto haipendani na maji kabisa, ila inapenda mafuta. Kwenye majaribio ya watu wazima wenye afya, mlo wenye mafuta uliongeza lumefantrini kwenye damu mara 16 kuliko tumbo tupu, na artemeta kama mara mbili. Maziwa, karanga, wali wa nazi, chochote chenye mafuta. Dawa ya namna hii huwezi kuipitisha kwa majagi.

Na mseto wowote, ili usamehewe, lazima KILA dawa iliyomo iwe kundi la I au III. Ndiyo maana vidonge vya TB vya nne kwa moja havipiti: isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli hazina shida ya kuyeyuka, lakini rifampisini ni kundi la II, inawaharibia wenzake safari. Tena ndani ya asidi ya tumbo isoniazidi na rifampisini zinashambuliana, rifampisini inapungua. Dawa za HIV za TLD vivyo hivyo, dolutegraviri ndiyo inayokwamisha.

#40 Bibi_wa_Famasi
Nyongeza. SP, ile ya malaria wanayopewa wajawazito kliniki. Miaka ya mwanzo ya 2000 wenzetu wa Muhimbili walikusanya SP kwenye maduka ya Dar es Salaam. Zilikuwemo zenye kiwango sahihi cha dawa ndani yake lakini zikafeli kuyeyuka. Dawa ipo, haitoki.

#41 Mzee_wa_Orijino
Asante Bibi. Hicho ndicho ninachokisema tangu ukurasa wa kwanza.

#42 Fundi_Kompresa
Mzee, zimegunduliwa na jagi! Ungeziona vipi kwa macho?

#43 Mzee_wa_Orijino
Jagi la sokoni, si jagi la usajili. Wakati wa kusajili kiwanda kinaleta vidonge vyake vilivyotengenezwa na mabingwa. Baada ya hapo opereta anakwenda kunywa chai, umesema mwenyewe.

#44 MtotoWaMaabara
Hapo Mzee kapiga msumari. Jaribio la watu nalo lina udhaifu huo huo: linafanywa kwa toleo moja, mara moja. Miaka mitano baadaye kiwanda kimebadilisha msambazaji wa unga, na hakuna anayerudi kuchoma watu sindano. Kinachobaki kulinda kila toleo ni jagi. Kwa hiyo ugomvi wa "watu au jagi" mimi nauona umekaa upande. Swali ni nani anachukua sampuli dukani na mara ngapi.

#45 Kaka_Hyderabad
Sikubaliani kabisa, mkuu. Jagi la kila toleo mara nyingi ni la pH moja na kikomo kimoja. Kwa kundi la II linaweza kupitisha vidonge ambavyo mwilini vinatofautiana, na linaweza kufelisha vilivyo sawa. Chukua ibuprofeni. Kwenye pH 1.2 karibu haiyeyuki, kwenye 6.8 inayeyuka haraka. Jagi lipi linasema kweli? WHO mwaka 2006 waliziruhusu asidi dhaifu za namna hiyo zipite, wakisema utumbo mwembamba ndipo kazi ilipo. ICH hawakukubali.

#46 Nyegezi_Boy
Na siprofloksasini? Nauza nyingi kuliko pipi.

#47 Mchungu_wa_Kwinini
Bila cheti?

#48 Nyegezi_Boy
Tusitoke nje ya mada mkuu.

#49 MtotoWaMaabara
Siprofloksasini kila mtu ana kundi lake. Kwenye asidi inayeyuka vizuri, ikikaribia pH 7 inagoma, kwa hiyo kwa kipimo cha pH zote haihesabiwi kuwa inayeyuka vizuri. Ufyonzwaji unatajwa karibu asilimia 70, chini ya ile 85. Ndiyo maana wengi wanaiweka la IV. Utakuta maandiko mengine yanaiweka la II, mengine la III. Mimi naishika la IV, wala nisingeisamehe.

#50 Bibi_wa_Famasi
Na isimezwe na maziwa, Mama Tausi. Kalsiamu inaikamata.

#51 Mgosi_wa_Soni
Wakuu, Baba amekubali kupima HbA1c wiki ijayo. Boksi la zamani tulishalitupa, la sasa lina vidonge viwili vitatu. Mdogo wangu kachukua kimoja akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kimepasuka vizuri kabla hajamaliza kunipigia. Sasa sijui nimshuku nani.

#52 Kaka_Hyderabad
Kupasuka si kuyeyuka, mkuu. Kidonge kinaweza kusambaratika na punje zikabaki zimeshikilia dawa. Tunza hivyo viwili vitatu na boksi lenye namba ya toleo, uvipeleke TMDA kanda ya kwenu na maelezo yako yote.

#53 Fundi_Kompresa
Na uwaambie na ile sindano ya goti.